Nilimwita mjomba atoe nyuki darini, kumbe mlio uko masikioni mwangu

Wakuu, hamjambo. Hii si hadithi ya rafiki yangu wala ya jirani. Ilinipata mimi mwenyewe, na mama yangu ni shahidi, ingawa mpaka leo hajaona cha kuchekesha.

Nilimaliza digrii ya kilimo nikarudi nyumbani Kanyangi kungoja kazi. Kwa wasiojua, kungoja kazi ni kazi. Unaamka kuangalia email, unasoma tena barua uliyotuma jana, unagundua uliandika "Dear Sir" kwa mwanamke, na siku imeharibika.

Baada ya miezi minane hivi nikapata interview. Kikundi cha wakulima wa kunyunyizia maji kule Kibwezi kilitaka afisa wa shambani. Nikapewa wiki mbili za kujiandaa.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliacha kulala.

Siku ya tatu, saa nane mchana, nyumba imetulia, nikasikia mvumo. Mwembamba, hauishi. Nikatoka nje, ukapungua. Nikarudi chumbani, ukarudi.

Huku kwetu ukisikia mvumo ndani ya nyumba huulizi mara mbili. Nyuki wakihama hupenda kuingia darini, na wa Ukambani hawana mchezo. Mbuzi aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia.

Nikamwambia mama. Yeye hakusikia kitu, lakini alisema masikio yake ni ya uzee na yangu ni ya chuo kikuu.

Kufikia saa tisa mbuzi wote wamefunguliwa, kuku wamehamishwa, na ushirika wa akina mama wa kanisa, uliokuwa ufanyike kwetu jioni hiyo, umepelekwa kwa jirani. Mama alikuwa ameshapika chapati. Nazo zikahama.

Ndugu yake mama, Mjomba Musyoki, ana mizinga mingi na ndiye huitwa na kijiji kizima. Akaja na kopo lake la moshi. Akazunguka nyumba akitazama chini ya mabati. Akagonga dari kwa fimbo, akatega sikio.

"Nyuki wana mlango," akasema. "Hawa wako wanaingilia wapi?"

"Lakini mjomba, hata sasa nawasikia."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akanipeleka mpaka katikati ya shamba la ndengu. "Na hapa?"

Nikasikiliza vizuri. Walikuwa wametufuata.

"Ziba masikio."

Nikaziba. Mvumo ukapanda.

Mjomba akazima moshi wake polepole. "Dada," akamwita mama, "nyuki wako kwa kichwa cha huyu msomi wako. Hao mimi siwezi kuwatoa."

Mama akaenda kutafuta mbuzi.

Hapo nikafanya kosa la pili, nikafungua Google. Nikajua jambo hili linaitwa tinnitus, na hapo ni sawa, lakini sikuishia hapo. Kufikia jioni nilikuwa na magonjwa sita, mawili yakiwa ya wanawake wajawazito.

Nikaandika email ya kufuta interview. Nitajibuje maswali kama kichwa chenyewe kinavuma? Mama akaisoma akichungulia begani kwangu.

"Hiyo hutumi kabla ya kuonana na daktari," akasema. "Chapati zangu zimeliwa na watu bure."

Nikaenda na karatasi ya maswali. Daktari, mama mmoja mpole, akaangalia masikio kwa taa yake, akanipima kusikia, akaniambia ni mazima.

"Unalala?"

"Kidogo."

"Una mawazo?"

"Hapana, daktari."

"Hiyo karatasi ina maswali mangapi?"

"Thelathini na moja."

Akaweka kalamu chini. Akasema mlio wenyewe huenda ulianza na kitu kidogo, pengine earphones za miaka minne ya campus. Lakini mtu akiishi kwa wasiwasi kila siku, mwili unakaa macho kama mbwa anayebwekea kila kivuli. Ubongo unasikia mlio, unadhani ni hatari, unausikiliza zaidi, nao mlio unapanda. Ukipanda unaogopa, hulali, na kesho unapanda tena.

"Kwa hivyo ni stress?"

"Stress si lazima iwe ndiyo iliyouleta. Lakini wewe unaulisha vizuri sana."

Akanishauri nisikae kwenye kimya kabisa, niweke redio chini chini, nitembee, nilale kwa wakati. Kusikia kukipungua, au kizunguzungu kikija, nirudi upesi. Maswali yangu thelathini na moja hakuyagusa.

Nikaenda Kibwezi. Nilikuwa na kurasa kumi na nne za majibu. Mwenyekiti, mama mkulima wa makamo, hakuniketisha hata kidogo. Akanipeleka moja kwa moja kwenye mistari ya nyanya, wanakikundi wengine wakitufuata.

Nikaanza, "Kwanza ningependa kushukuru..."

"Kijana, ulisoma kilimo ama ulisoma kuogopa? Hii nyanya ina nini?"

Ilikuwa imeoza kitako, nyeusi. Nikachuchumaa. Nikauliza wanamwagilia lini. Wakasema maji yakipatikana. Nikachimba udongo kwa kidole, nikawaeleza jinsi maji ya leo mengi, kesho hakuna, yanavyonyima tunda chokaa, yaani calcium. Wakabisha. Nikabisha. Tukafika mwisho wa shamba tukiwa bado tunabishana.

Ni wakati wa kunawa mikono nilipogundua kwamba kwa muda wote huo sikuusikia mlio.

Na kwa sababu niligundua, ukarudi.

Walinichukua, wakuu. Huu ni mwezi wa nne. Mlio bado upo. Ripoti ikichelewa unapanda, wiki nzuri unashuka mpaka nausahau.

Nilichojifunza ni kwamba nilitaka uishe kwanza ndipo niende Kibwezi. Ningekuwa bado nangoja.

Wenye masikio ya aina hii, wenu unasikika vipi, na ni nini kinaushusha? Wale wa kutuma link za magonjwa, pumzikeni. Nimeshazisoma zote.