Injini Chini ya Kitanda cha Baba

Kwa miaka thelathini baba yangu alilala juu ya injini ya boti. Ilikaa chini ya kitanda chake, imefungwa kwa magunia mawili na kamba ya katani, hapa Masaka ya Rwanda, ambako ukitaka kuona ziwa sharti kwanza ushuke stendi ya Nyabugogo ukapande basi. Tuliporudi Rwanda kutoka upande wa Tanzania, wenzetu walibeba magodoro na masufuria. Yeye alibeba injini. Mama hakumsemesha njia nzima.

Sababu tuliijua wote. Kaka yangu, akiwa na miaka kumi na tisa, aliondoka asubuhi na mtumbwi, injini ikamzimikia katikati ya ziwa. Wavuvi walimwona kwa mbali akivuta kamba ya kuwashia, anavuta, anavuta, huku upepo ukimsukuma kwenye miamba. Walipofika, mtumbwi upo, injini ipo, yeye hayupo. Baba ndiye aliyekuwa fundi wa injini pale mwaloni, wavuvi wanakoegesha mitumbwi, na asubuhi ile alikuwa ameweka plagi ya zamani, ya kuungaunga, akisubiri mpya ifike. Siku ya msiba mama alimwambia mbele za watu, "Wewe na plagi zako." Hakuwahi kuyafuta maneno hayo, na baba hakuwahi kuyajibu. Wala injini hakuifungua.

Mwaka huu hospitali ilimrudisha nyumbani. Sukari ilikuwa imemaliza macho, na daktari alituambia tumpe anachopenda kula. Jumamosi moja akaniita.

"Toa ile injini uifungue. Nataka kujua kama ni mimi."

Nilikasirika, sitaficha. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nina madaftari ya kusahihisha, na huyu mzee anataka tufukue kaburi. "Baba, acha jamani! Miaka yote hii? Itakusaidia nini?"

"Nikimkuta kijana huko niendako," alisema, "nimwambie nini?"

Siku ya pili nilikwenda Gatsata kutafuta spana ya plagi. Muuzaji wa spea alinicheka: "Mama, boti iko wapi huku? Ama unataka kuvuka mtaro?" Nilimkata jicho, nikachukua spana yangu nikaondoka. Utani wake siku hiyo haukuwa na pa kukaa.

Tuliiweka injini barazani, nikaiegemeza kwenye kiti. Baba alikaa kando kwenye kigoda, mkono mmoja juu ya chuma. Utotoni nilikuwa nikimpa spana, kwa hiyo majina ya vitu nilikuwa nayo bado. Nilisugua platini, zile ncha zinazoamsha cheche, kwa msasa kama alivyonielekeza, nikafungua plagi ile ile, haijaguswa tangu siku ile, nikaipiga brashi, nikaivisha waya wake na kuigusisha kwenye chuma. Nikavuta kamba.

Loo! Cheche ikaruka.

"Rangi gani?" baba aliuliza upesi.

"Bluu, baba."

"Bluu kweli? Usinidanganye, bwana wewe."

"Bluu kweli. Sikiliza." Nikavuta tena, ikalia ta, ta, ta. Alinitaka nirudie, nikarudia mpaka bega likauma. Kisha akafunika uso kwa viganja akalia kama mtoto, mabega yanatikisika, nami nikalia kwa furaha, maana nilifikiri tumemaliza. Plagi ilikuwa nzima. Hakumuua mwanawe.

Lakini fundi ni fundi. Alipojifuta akasema, "Kama cheche ipo, basi ni petroli. Fungua kabureta."

Nilifungua bila wasiwasi wowote. Petroli ilikuwa imekauka ndani ikawa kama asali iliyoungua. Nikachukua sindano kuzibua kile kitundu chembamba inapopitia, na sindano ikatoka na nyuzi. Nyuzi za sufu, rangi ya damu ya mzee.

Rangi hiyo niliijua. Petroli ya mwaloni ilikuja kwenye mapipa yenye kutu na maji, kwa hiyo kila nyumba iliichuja kwa kipande cha kanga kabla ya kuimimina. Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa yangu kila asubuhi kabla ya shule. Siku ile kanga ilikuwa imefuliwa, inachuruzika kambani, nami nimechelewa, naogopa kiboko cha mwalimu wa zamu. Nikavua sweta ya shule, nikafunga mkono wake uliochanika mdomoni mwa galoni, nikamimina. Jioni hakuna aliyeuliza kwa nini sweta inanuka. Nyumba ilikuwa na kilio.

"Umeona nini?" baba aliuliza.

Ningeweza kusema maji. Ningeweza kusema kutu, na nani angenipinga, macho hana. Lakini aliyefungua kinywa ni yule mtoto. "Ni nyuzi, baba. Za sweta yangu. Nilichujia sweta."

Pikipiki mbili zilipita barabarani na vumbi lao. Nilitaka anipige, nilitaka atukane, chochote.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Nani alikutuma?"

"Wewe, baba, lakini..."

"Reka," alisema kwa Kinyarwanda, yaani acha. Akanipapasa mpaka akanipata mkono, akaushika.

Mama alitokea mlangoni na ungo wa maharage. Alikuwa amesikia kamba ikivutwa asubuhi nzima. "Haya mafundi, mmeona nini?"

Nikafungua mdomo. Baba alinibana mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Plagi," alisema. "Ilikuwa plagi. Ulisema kweli, nilikosea mimi."

"Si nilisema," mama akajibu polepole, akarudi jikoni. Baba hakuniachia mpaka tukasikia maharage yanamiminwa kwenye sufuria.

Tulimzika mwezi uliofuata. Siku ya kumaliza matanga mama aliwasimulia wageni habari ya plagi, kwamba hatimaye mzee alikiri mwenyewe, na kwamba amemsamehe. Wageni wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika, nikaendelea kumimina chai.