Nusu Eka ya Milembe

Mke wangu Milembe alifundishwa na bibi yake, huko Lalago, kusokota uzi wa pamba kwa kijiti. Miaka ishirini na miwili ya ndoa yetu hapa Dutwa, ujuzi huo haukuwa na kazi. Kisha akaja Josia, mfumaji kutoka Mwanza, akaunda kikundi: wakulima walime pamba isiyopigwa dawa, wanawake wasokote, yeye afume mashuka ya kuuza mbali. Uzi wa Milembe ulikuwa mwembamba kuliko wa wote. Wakamfanya mwalimu. Mwanamke anayekaa benchi la mwisho kanisani, akaitwa mwalimu!

Nilimkatia nusu eka ya shamba langu alime pamba hiyo. Mwezi wa tatu nikaona funza kwenye vitumba. Nimelima pamba tangu nimalize darasa la saba. Nikiona funza, mkono wenyewe unatafuta bomba la dawa. Milembe alikuwa amekwenda Bariadi kumwona binti yetu Sayi, aliyejifungua. Nikaazima bomba kwa jirani yetu Ndalahwa, nikapiga dawa. Nilidhani nalinda jasho lake.

Siku kikundi kilipokagua mashamba, Generoza, msokotaji mwenzake, akaokota chupa ya dawa kwenye tuta la Milembe. Milembe akaapa mbele ya wote, "Haki ya Mungu, shamba langu halijaguswa."

"Basi chupa imeota kama uyoga," Generoza akasema. "Mwalimu wetu! Uzi mweupe, mkono mweusi."

Watu wakacheka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wanaume wenzangu, nikaangalia chini. Josia akasema, kwa upole kabisa, kwamba aliyeapa uongo hawezi kubaki kwenye kikundi.

Jioni Milembe alichambua mchele, kisha akauliza, "Baba Sayi, bomba la Ndalahwa umelirudisha?"

"Nimelirudisha."

"Haya."

Alhamisi nilipanda baiskeli nikaseme ukweli. Nilipofika mlangoni pa kikundi, Generoza akaniona kwanza. "Mwangaluka, shemeji! Umetuletea mwalimu wa viapo?"

Wote wakageuka. Josia akasimamisha kazi, akanisubiri. Maneno niliyoyapanga njia nzima sikuyaona tena.

"Napita tu," nikasema.

Nyumbani Milembe alikuwa anapalilia karanga. Akainua uso.

"Ulikwenda kwenye kikundi?"

"Nilikwenda."

"Ukawaambia nini?"

Nikachukua jembe, nikashika mstari wa pembeni yake. Milembe akainama, akaendelea kupalilia.