Kofia ya Bwana Nyama

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini ukishuka leo kituo cha Picha ya Ndege ukauliza nani kajenga nyumba zile nzuri nzuri, utaelekezwa kwangu. Siringi, ndivyo ilivyo. Ila barabara ya kwanza niliyoichagua maishani, kule kijijini Vihingo, niliikosea vibaya.

Ilikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Wenzangu wanahangaika na visiki, mimi nikaona msituni njia pana, imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu. Nikamwita mwenyekiti wa kijiji.

"Mzee, barabara hii hapa. Mungu keshatufyekea!"

Akanisifu mbele ya kijiji kizima. Tukaifanya barabara, na pale inaposhukia bondeni kwenye maji tukalima shamba la kijiji, tukaiziba kabisa kwa mihogo.

Mihogo ilipokomaa, wakaja tembo. Tuliamka tukakuta nusu ya shamba imelala chini. Watu wanalia, mimi naangalia nyayo. Zote zilikwenda mstari mmoja, kutoka kwenye barabara yangu mpaka majini. Kumbe waliofyeka pale ni wao, tangu enzi za bibi zao. Lakini mtu niliyesifiwa vile ningesemaje? Nikanyamaza.

Siku ya tatu akafika bwana nyama, yule afisa wa serikali wa wanyama wa porini, na bunduki. Vijana wakashangilia, wakanoa mapanga. Na tembo huyo hapo ng'ambo ya bonde, mchana kweupe, jike na ndama wake! Jike akainua mkonga akanusa upande wetu, ndama akaingia chini ya tumbo la mama yake. Bwana nyama akajaza risasi. Hapo nikashindwa kuvumilia.

Alikuwa Mnyamwezi yule, na sisi Wazaramo ni watani zao. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki, ukikasirika aibu ni yako. Nikamrukia, nikampokonya kofia ya serikali kichwani, nikatimua mbio!

"Mwehu! Atafungwa huyu!" watu wakaguta.

"We Mzaramo mla mihogo, rudisha kofia!"

"Njoo uichukue! Babu yako alitembea na mzigo kichwani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, wewe hapa tu unahema?"

Akanifuata huku anacheka. Nikamwongoza mbio kwenye barabara ile mpaka kwenye mti mmoja ambao tembo hujisugulia, umepakwa tope kimo cha watu wawili, gome limesuguliwa likawa laini kama kiti cha kinyozi. Akaligusa. Kicheko kikaisha.

"Nani aliwaonyesha njia hii?"

"Mimi, mtani."

"Basi kawaambie mwenyewe. Nakupa mpaka jua litue. Likitua bado mmewazibia njia, napiga."

Nilirudi mbio, nikasimama mbele ya mwenyekiti na watu wote. "Shikamoo, mzee. Kosa ni langu. Njia ile ni ya tembo, tumelima mlangoni kwa wenyewe."

"Marahaba," akajibu. Bibi mmoja akaangua kicheko: "Ehee! Fundi wa barabara za tembo!" Kijiji kizima kikacheka, na jina hilo ninalo hadi leo. Shina la kwanza niling'oa mimi. La pili aling'oa mwenyekiti. Baada ya hapo hata wale wenye mapanga wakaingia, tukang'oa mihogo kwa nguvu zetu zote, jasho linatiririka, mpaka njia ikaonekana tena, nyeupe, kutoka msituni hadi majini.

Jua limebaki kidogo tu, jike akatoka. Tumejibanza nyuma ya matuta, kijiji kizima, tumeshikana mikono. Akaingia njiani, mihogo huku, mihogo huku. Ndama akanyoosha mkonga kutaka jani, mama akamsukuma kwa mguu, kama anayemwambia: Twende.

"Wanapita!" nikapiga kelele, sikujiweza. "Jamani, wanapita!"

Bwana nyama, bunduki begani, akanifinya mkono. "Nyamaza, mtani," akaninong'oneza, macho yake yamejaa machozi. "Na unipe kofia yangu."