Kurasa Ambazo Shangazi Hakuzisikia

Shangazi yangu amejalidi vitabu vya watu kwa miaka thelathini na moja, na hajawahi kusoma hata kimoja mpaka mwisho. Kiwandani wanamwita Gundi, kwa sababu vidole vyake havikosi gundi, na pia kwa sababu akishikilia neno lake humbandui. Jicho lake la kushoto lilishakufa zamani. La kulia ndilo lililopasuliwa Jumatatu, likafungwa bandeji, na daktari akasema litafunguliwa Alhamisi asubuhi. Likiona, atarudi kwenye meza yake ya kazi. Lisipoona, basi tena.

Kilichompa moyo wa kukubali kisu ni filamu, wala si daktari. Tuliitazama mara tisa, yeye akiwa ameisogelea televisheni mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Ilikuwa na majitu, farasi wenye mabawa, na mzee kipofu, mlinzi wa lango, ambaye mwishoni ananawa maji ya chemchemi na kufumbua macho. Hapo Shangazi alipiga makofi kila mara, nami nilimcheka sana. Siku aliyotia saini karatasi ya upasuaji aliniambia, "Mlinzi aliona. Na mimi nitaona." Sikucheka tena.

Filamu ile ilitokana na kitabu, na nakala moja ikapatikana kiwandani, imechanika mgongo. Shangazi akaishona na kuitia jalada jipya kwa kupapasa, akanikabidhi.

"Utanisomea hospitalini," alisema. "Wanasema mambo yote yamo humu, kwenye filamu wamedokoa tu."

Basi mimi, muuza viatu, nikawa msomaji. Siku mbili za kwanza zilikuwa za raha na ugomvi. Majitu ya kwenye kitabu yalikuwa na maneno mengi kuliko mashemeji, na farasi hawakuwa na mabawa. "Wamenidhulumu farasi wangu!" alilalamika. Lakini Mlinzi alikuwa yuleyule, mkali na mwenye mizaha, na kila alipotokea Shangazi aliinuka akakaa wima kitandani.

Jumatano mchana alipopitiwa na usingizi, nikachungulia mbele. Laiti ningejua, nisingechungulia. Katika kitabu, Mlinzi anafika kwenye chemchemi na kuikuta imekauka. Nilimchukia aliyeandika balaa lile, mtu ambaye hata simjui, na nikaitazama saa ya ukutani: ilikuwa imebaki chini ya siku moja bandeji ifunguliwe.

Shangazi akaamka. "Tumefika chemchemi?"

Nikajikaza kisabuni. Nilifungua kitabu nikaanza kumsimulia filamu kwa sauti ya kusoma: maji ya baridi, Mlinzi anainama, ananawa, anafumbua macho. Nikatia na chumvi, ndege wawili na upinde wa mvua. Nilijiona nimefanya kazi safi, ila Shangazi hakupiga makofi.

"Sura hiyo ina kurasa ngapi?" aliuliza.

"Nne, tano hivi."

"Nimesikiliza. Hujafunua hata moja."

Mtu aliyehesabu karatasi kwa sikio miaka yote hiyo, akizipeperusha kwa kidole gumba huku anapiga soga, mimi nilitaka kumpiga changa la macho kwa kushika kitabu mkononi!

"Nisomee kilichoandikwa." Hakupaza sauti. Afadhali angenifokea.

Nikasoma. Chemchemi kavu. Mlinzi anakaa juu ya jiwe mpaka jua linazama, kisha anarudi akihesabu hatua zake, analipapasa lango na kulifunga kabla majitu hayajafika. Nilisoma huku nalia, na kila ukurasa nilioufunua nilihisi namwibia kitu. Shangazi alikuwa anasugua vidole vyake.

"Usinifanyie hivyo tena," alisema mwishowe. "Kesho sitakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza."

Alhamisi daktari alifungua bandeji polepole, nami nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda. Jicho lilikuwa jekundu, linatoka machozi, liko wazi. Daktari akainua vidole viwili.

"Unaona vidole vingapi, mama?"

Shangazi akageuza kichwa huku na huku. "Vitatu."

Daktari akanitupia jicho, akabakiza kidole kimoja. "Na sasa?"

"Vitatu," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. Kisha akageukia upande ambao sikuwapo. "Mwanangu, ni vingapi?"

Neno "vitatu" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu. Lilikuwa neno dogo, na lingempa walau dakika moja ya furaha. Nililimeza.

"Ni kimoja, Shangazi. Na mwanzo vilikuwa viwili."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja tu. Akapapasa blanketi mpaka akakipata kitabu, akazipima kwa kidole gumba kurasa zilizobaki, akanikabidhi.

"Zimebaki kama arobaini," alisema. "Soma. Nasikia ukifunua."