Pita au Simama

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Karani, ingawa kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka. Jina lilimganda kwa sababu ya tabia yake ya kuandika kila kitu. Ukimwazima sindano ataandika, na siku ukimrudishia ataandika tena. Kuna siku mkubwa wao wa kazi aliwanunulia soda. Wenzake wakanywa wakashukuru. Yeye akanywa, akashukuru, kisha akatoa kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari, alipenda kusema. Ungemuuliza mali yenyewe iko wapi, angekuonyesha daftari.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Likitoka kwenye mashine likiwa bado na mvuke, wawili hushika pembe mbili mbili, hulivuta likanyooka, hukutana katikati, huachana, hukutana tena. Karani na mwenzake walikunja mashuka mia tatu kwa siku namna hiyo, wakipiga soga bila hata kutazama mikono. Nyumbani alikunja lake peke yake, pembe moja ameibana kwa kidevu, nyingine zinaburura sakafuni. Hapo ndipo mumewe alipomjia akilini. Alimkumbuka na nyakati nyingine pia, lakini kwenye shuka hakukosa hata wiki moja.

Mumewe alikuwa fundi mwashi, na alikuwa mbali, safari ya siku mbili kwa basi, wanakojenga ukuta wa bwawa. Alikwenda kwa mwaka mmoja. Mwaka ukazaa mwaka, na sasa ilikuwa miezi thelathini. Makubaliano yalikuwa mepesi kuyasema: akusanye fedha za mashine ya kufyatulia matofali, milioni moja na laki mbili, kisha arudi afanye kazi yake nyumbani, awe bwana wa nafsi yake. Aliyeyataka makubaliano hayo ni Karani mwenyewe. Siku ya kuagana alimshika mkono pale kituoni akamwambia asirudi mikono mitupu, maana yeye alizaliwa katika nyumba ya mikono mitupu na anaijua. Mume aliitikia kwa kichwa. Ni mtu wa kuitikia kwa kichwa, na jambo hilo lina hasara zake.

Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao, baada ya ugomvi wa redio ambayo mume aliinunua kimyakimya, walikuwa na desturi moja. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, mchana, walikaa wakasomeana matumizi, mstari kwa mstari. Mmoja akisoma, mwingine hujibu neno moja: pita, au simama. Ukiambiwa pita, unaendelea. Ukiambiwa simama, unajieleza mpaka mwenzako aridhike. Hakuna kupandisha sauti. Mume alipoondoka, desturi ilihamia kwenye simu, na kwa vile simu inakula vocha, walisoma upesi kama watu wanaofukuzwa.

Jumapili ninayoisimulia, Karani alikaa mezani tangu saa nane, na simu wamepanga saa kumi. Mama mkwe wake alikuwa kwenye mkeka anachagua maharage. Binti yao wa miaka saba, waliyemwita Kiroboto kwa kuwa hajawahi kukaa mahali pamoja akahesabu kumi, alikuwa uani anaruka kamba.

Karani alikuwa na jambo rohoni. Fungu la mashine lilikuwa limefika laki saba. Bado laki tano, na miezi ya karibuni hawakuweza kuweka zaidi ya elfu ishirini. Hiyo ni miezi ishirini na mitano. Aliitazama hesabu hiyo mara mbili. Akaanza kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, akimtafuta mwizi. Kodi haikuwa mwizi. Chakula hakikuwa mwizi, kilikuwa kimekondeshwa mpaka mbavu zinaonekana. Alimkuta mwizi kwenye mstari mdogo karibu na chini: simu. Zake elfu kumi na mbili kwa mwezi, za mumewe elfu kumi na nane. Jumla elfu thelathini. Fungu la mashine lilikuwa linazidiwa na fungu la kuitana.

Akafanya hesabu tena akiwa ameondoa simu. Miezi kumi.

"Mama," alisema, "kumbe kuongea naye ndiko kunakomchelewesha."

Mama mkwe alitupa jiwe dogo pembeni. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tukinyamaza, atarudi mapema. Miezi kumi badala ya ishirini na mitano."

"Mnyamaze miezi kumi? Akifika utamuuliza jina." Akachagua mengine mawili matatu. "Baba yake alifyatua matofali kwa kalibu za mbao, kwa mikono yake miwili tu. Na watu walilala ndani ya nyumba hizo, na mvua haikuwaamsha. Mashine hakuwahi kuiona."

"Ndiyo, mama. Na alikufa akidaiwa."

"Alikufa nikimshika mkono," alisema mama mkwe, kisha akainama kwenye maharage yake.

Karani aligeuza ukurasa. Ilimchoma, na hakupenda ionekane.

Saa kumi kamili alipiga. Aliilaza simu ndani ya bakuli tupu, kwa kuwa bakuli linakuza sauti, na sauti ya mumewe ikajaa chumbani kana kwamba yumo mlangoni anavua viatu.

"Karani wangu. Mko salama?"

"Salama, Fundi. Tuanze, vocha inakimbia. Kodi, elfu arobaini."

"Pita."

"Unga, mafuta, maharage, sukari, elfu thelathini na tano."

"Sukari imepanda?"

"Imepanda. Na mama naye haipunguzi kwenye chai."

"Nakusikia," alisema mama mkwe kutoka mkekani. "Mimi nimebakiwa na meno manne, ninayalinda ya nini?"

Mume akacheka. Karani alikingoja kicheko hicho wiki nzima, na kilipokwisha akatamani angekuwa na jambo jingine la kuchekesha kwenye daftari.

"Dawa ya presha ya mama, elfu sita."

"Pita."

"Viatu vya shule vya Kiroboto, namba thelathini na moja, elfu tisa."

Kimya. Karani alifikiri simu imekatika.

"Fundi?"

"Umesema namba ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Mbona umemnunulia vikubwa hivyo?"

"Si vikubwa. Muuzaji alitaka nichukue thelathini na mbili, mimi ndiye niliyekataa."

"Pita," alisema mumewe, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Karani alishusha kidole kwenye mstari uliofuata. "Simu, elfu kumi na mbili. Hapa najisimamisha mwenyewe." Akamweleza yote: mwizi, miezi ishirini na mitano, miezi kumi. Aliongea haraka, macho kwenye tarakimu, kwa sababu tarakimu hazimlizi. Akapendekeza waache simu za kila wiki, wapigiane mara moja tu kwa mwezi, siku hii ya hesabu, basi. Alipomaliza alikuwa anaomba moyoni mumewe akatae.

"Hesabu haina kosa," alisema mume taratibu. "Wewe hujawahi kukosea hesabu. Nisome zangu?"

"Soma."

"Chakula cha kambini, elfu ishirini na mbili. Kitanda, elfu nane. Simu, umeshaisema. Mengineyo, elfu kumi."

"Simama."

Mama mkwe aliacha maharage. "Huyo Mengineyo ni mrefu au mfupi?" aliuliza. "Maana wanaume walio mbali huwa na Mengineyo wengi."

Karani hakucheka. Alikuwa ameshafungua kurasa za nyuma, na macho yake yalikuwa yanakusanya: mengineyo elfu tisa, mwaka juzi, mengineyo elfu tisa na mia tano, mengineyo elfu kumi. Mara tano, sita na hii, kila baada ya miezi mitano hivi. Aliyapitisha yote kwa sababu vocha ilikuwa inakimbia.

"Fundi, tumekubaliana nini kuhusu kusimama?"

"Viatu," alisema mume.

"Viatu vya nani?"

"Vya mtoto. Kila nikishuka sokoni nikaviona vizuri, nanunua jozi, naweka kwenye sanduku chini ya kitanda. Nilitaka nimletee vyote siku nikirudi, kimoja kimoja, achague. Jozi sita." Akasita. "Namba ishirini na sita."

Karani aliiandika namba hiyo pembeni mwa thelathini na moja.

"Nilimpima kabla sijaondoka," mumewe aliendelea. "Unyayo wake ulikuwa kiganja changu, ukitoa ncha ya kidole. Kila nikiwa dukani naweka kiganja ndani ya kiatu, naona sawa. Mimi ni mwashi, mke wangu. Ukuta nikiupima leo, mwakani nitaukuta vilevile. Sikufikiria."

Huyu ni mtu anayeweza kukuambia kwa jicho tu kama kona imepinda, na alikuwa ameshindwa hesabu ya mtoto kukua. Usimcheke sana. Akilini mwake binti alikuwa bado amesimama palepale kituoni, na mguu wake bado unaenea mkononi.

Kiroboto alikuwa ameingia, anahema, kamba shingoni. Karani alimwita, akamwambia aweke mguu juu ya daftari. Mama mkwe alijikongoja akaja kumshika kifundo asicheze. Karani akazungusha kalamu kufuata unyayo, kisigino, upande, vidole, Kiroboto akicheka kwa kutekenywa, na baba yake akikisikia kicheko chote kule aliko. Mguu ulipotoka, mchoro ulikuwa umefunika mistari ishirini na nne ya ukurasa. Kila mwezi Karani alikuwa akimnunulia nguo, akimfulia, akimpeleka shule, lakini hakuwahi kuuona ukuaji ule kama alivyouona sasa umelala juu ya karatasi.

"Mistari ishirini na nne," alisema kwenye bakuli. "Ndio mguu wake."

"Mistari ya daftari lako lile la siku zote?"

"Lile lile."

Huenda mumewe alikuwa anapima kwa kiganja hewani. Karani alitaka sana kuuona mkono ule, na alitaka kumwambia hivyo, lakini alichoweza kufanya ni kusoma mstari wa mwisho. Mstari huo ulikuwa wa mwisho kila mwezi, na kila mwezi mume aliupitisha kabla mkewe hajaumaliza.

"Mashine, elfu ishirini."

"Simama," alisema mume.

Karani alinyanyua macho.

"Nieleze," mume alisema. "Mashine ni ya nini?"

"Ya wewe kurudi. Unajua."

"Basi laki saba zinatosha. Nitachonga kalibu za mbao kama za baba. Kiwanja cha kukodi, saruji ya kuanzia, mchanga. Mashine tutaipata tukiipata. Karani, ukisubiri miezi kumi utakuwa unanunua namba ngapi?"

Karani alizifikiria kalibu, matofali hamsini kwa siku badala ya mia tano, mwezi wa mvua bila kazi, mwenye nyumba mlangoni. Aliiona nyumba ya mikono mitupu alimozaliwa, mama yake akikung'uta gunia la unga. Hofu hiyo haikuwa mchezo, ilikuwa kweli kabisa. Na mbele yake palikuwa na mguu wa mistari ishirini na nne.

"Naongeza mstari mmoja kwenye zangu," sauti ikasema. "Nauli, elfu thelathini."

"Nauli ni sitini," alisema Karani kwa mazoea. "Kuja na kurudi."

"Kuja tu."

Mama mkwe alikuwa amesimama, mkono mmoja bado begani kwa mjukuu. Hakuna aliyemwambia Karani aseme nini. Alitazama ukurasa mpaka tarakimu zikaanza kuogelea, akafuta macho kwa kiganja, akainamia bakuli.

"Pita," alisema.

Bakuli halikujibu. Akasema tena. Akaitoa simu akaitazama, na kioo kikamwambia salio limekwisha.

Asingeweza kujua neno lile lilifika au lilikufia njiani. Kule aliko, mumewe alikuwa ameshika simu iliyokatika, akifikiri mkewe amenyamaza, na mtu wa kuitikia kwa kichwa akiona kimya huweza kukiitikia akidhani ni simama. Karani aliinuka, akachukua noti kwenye bahasha ya mashine bila kuzihesabu, akatoka. Alikwenda mbio mpaka kibandani mwisho wa mtaa, ndala moja yake na nyingine ya mama mkwe, akanunua vocha, akaikwangua kwa ukucha palepale akiwa amesimama, akakosea tarakimu mara mbili.

Simu haikuita hata mara moja kamili, ikapokelewa.

"Pita," alisema, pumzi zikimkata. "Nimesema pita. Umesikia? Nauli, kuja tu. Pita."

"Nimesikia," alisema mumewe.

Hawakukata. Mwenye kibanda alimpa kigoda akae, naye akakaa, wakaongea mambo yasiyo na mstari wowote, mpaka vocha yote ikaisha.

Ukilipekua daftari lile leo, utaikuta nauli, kalibu nne za mbao, na jozi sita za viatu walizowagawia watoto wa jirani. Vocha ya Jumapili ile huikuti. Karani hakuiandika.