Kabla ya Sindano, Maji

Siku ya kwanza ya kazi sikupewa ndoo. Kule Masisi, kwenye ferme ya ngombe wa maziwa, muzee Ntabana, mkubwa wa wakamuaji, alinipa kamba ya ndama akasema, "Acha anyonye kwanza. Weye angalia masikio ya mama yake."

Nilikuwa nimeishia mwaka wa tatu wa shule ya primaire, lakini jambo lile nililishika. Ndama akisukuma kiwele kwa pua, kichwa cha mama yake kinatuma homoni ndani ya damu; homoni inabana vifuko vya maziwa, maziwa yanashuka. Ukimpiga fimbo, hofu inayazuia. Neno homoni nililisikia baadaye. Muzee alisema tu, "Maziwa inatoka kwa kichwa. Chuchu ni njia."

Alinifundisha kuweka ngumi ubavuni kushoto, linapokaa tumbo kubwa, nisikie linavyojigeuza likisaga majani. Na kila asubuhi tuliangalia mkojo, rangi na wingi, maana figo ndizo zinazochuja damu. "Ngombe anakuambia yote kwa nyuma," alisema. "Mukubwa wako hatakuambia hata kwa mbele."

Vita ilimaliza ngombe wale wote. Nilishuka Goma na mguu mbovu, nikapata kazi Kibati kwa Dokta Anicet, veterineri aliyekuwa na ngombe wake mwenyewe. Nataja jina lake kwa sababu yeye alitaja langu.

Ndama wote aliwauza wakiwa wachanga. Ili maziwa yashuke, alichoma sindano ya homoni, asubuhi na jioni. Ngombe mmoja, Malaika, mwili wake ukaizoea. Maziwa yakabaki ndani, kiwele kikavimba, kikawa moto. Dokta akaleta dawa kali ya kuua vijidudu.

Kibati chini ni mawe ya volkano, maji tulinunua kwa lori. Wiki ile lori halikuja.

"Dokta, Malaika hajakojoa tangu jana," nikamwambia. "Ana kiu. Tungoje maji."

"Tangu lini mukamuaji anatoa ordonnance ya dawa?"

"Dawa itatokea wapi, kama figo zimekauka?"

"Université yako ilikuwa wapi, papa? Masisi, nyuma ya ngombe?"

Wenzangu wakacheka. Akachoma, na mimi ndiye niliyemshika Malaika kichwa. Kosa hilo ni langu, nalo nalitaja.

Siku ya tatu alikufa, hakuwa ametoa hata tone la mkojo. Dokta akaandika kwenye rapport ya kifo kile kwamba mimi nilisahau kumnywesha. Nikafukuzwa. Nikaenda kuomba kazi mpaka Rutshuru, nikakuta maneno yale yamefika mbele yangu: huyu anaua ngombe kwa kiu.

Sikuacha. Nilirudi Kibati, nikaanza na mama mmoja mwenye ngombe mmoja. Yule akamwambia jirani. Ilichukua miaka watu kuniamini tena.

Mwaka huu magoti yamekataa, nimeacha kazi. Lakini kabla sijaacha, Dokta Anicet aliniita nyumbani kwake Himbi. Ngombe wake alikuwa amezaa, kiwele kimejaa, maziwa hayashuki, na sindano zimeshindwa.

"Papa, yaliyopita yamepita," akasema.

"Kwako. Nani aliua Malaika?"

Wafanyakazi wake walikuwa wamesimama pale. Akatazama viatu vyake. Ngombe akaguna kwa maumivu. Ngombe yule hakunikosea kitu.

"Leteni maji," nikasema. "Na ndama."

"Ndama ana munuzi, anakuja kesho," akasema Dokta.

"Basi munuzi akuje kukamua."

Akaenda mwenyewe kufungua kamba. Ngombe akanywa ndoo mbili, akamlamba mtoto wake, masikio yakalegea, maziwa yakashuka. Halafu akakojoa, mkojo mwingi, safi, ukarukia viatu vya Dokta.

"Sasa, akihitaji dawa, anaweza kupewa," nikawaambia wafanyakazi. Wakamtazama mkubwa wao. Akainama kufuta viatu vyake.

Ninyi mnaoanza kazi hii, ulizeni kwanza kama ngombe amekunywa, kama amekojoa, hata kama anayeshika sindano ana diploma. Dokta Anicet aliandika rapport yake. Hii ni yangu.