Kofia ya Uzi wa Zambarau

Siku ile tulikuwa wanne nyumbani Ansab: mimi, mdogo wangu anayenifuata, mumewe, na kitindamimba wetu aliyekuwa akisoma chuo kikuu. Wazazi walipokufa niliacha skuli, nikashika sindano. Nilishona kofia za kiume kwa mkono, wadogo zangu wakasoma.

Kitindamimba alikuwa na mtihani wa hadithi za kale za Kifaransa, za mabwana na mabibi wa jumba la mfalme. Alituhadithia moja huku nikishona. Bibi mmoja, mke wa mtu, alimtarizia bwana mwengine mshipi. Bwana yule akauvaa kwenye mashindano ya farasi, mbele ya mfalme. Wote wakaitambua kazi ya mkono wa bibi, isipokuwa mumewe.

"Bwege huyo mume," mdogo wangu akasema, anacheka. "Mie ningelijua siku ile ile. Wangu akipiga chafya Ruwi, nnamsikia hapa."

"Lakini walipendana kweli," kitindamimba akasema. "Mtu anawaonea huruma."

Ndipo shemeji akatoka chumbani, tayari kwa safari zake, kavaa kofia mpya ya uzi wa zambarau.

"Ee, umeipata wapi hiyo?" mkewe akamuuliza.

"Matrah, sokoni."

Kofia ile niliishona mimi. Ubavuni ilikuwa na ua moja la petali tano badala ya sita. Nilikosea, nikaona uvivu kufumua. Mwanamke wa Sidab ndiye aliyeiagiza, akaniambia ni ya kaka yake.

Mdogo wangu alimwendea mumewe, akamwekea sawa kofia kichwani. "Dada, wewe ndiye fundi. Kazi nzuri?"

"Nzuri," nikasema.

Kisha nikamgeukia asiye na kosa. "Funga kitabu hicho. Nimetoboka vidole ili usomeshwe kuwaonea huruma wazinzi? Na mume aliyedanganywa, yeye wa kuchekwa tu?" Kitindamimba alikusanya vitabu vyake, akarudi chuoni kwake Al Khoudh analia.

Shemeji nilimkuta mlangoni, peke yake. "Kofia hiyo nimeishona mie," nikamwambia.

Aliivua, akaigeuzageuza, akaitia mfukoni. "Shemeji, usije ukavunja nyumba ya mdogo wako."

Ati mimi ndiye wa kuivunja! Hata leo nikiyakumbuka maneno yale damu inanichemka. Na bado nilinyamaza, kama watu wa jumba lile walivyonyamaza, huku mwenye kuchezewa akicheka pamoja nasi.

Kitindamimba nilimwomba radhi wiki ile ile, akanisamehe. Mdogo wangu, kila tukikaa pamoja, huniuliza, "Dada, siku ile ulikasirikia nini hasa?"

Nami humjibu, "Kitabu."

Jibu la kweli bado ananidai.